Hivi nani alituambia kuuliza hesabu ni aibu?

Wasomaji wangu, leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Najua wengi mmenizoea nikianza na Bunge au bei ya mafuta, lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi na nisipolitoa sitalala. Jambo lenyewe ni hesabu. Tafadhali usikimbie! Hakuna mtihani mwishoni.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye kijiwe chetu cha kahawa, Magomeni. Ni kijiwe cha kawaida tu: mabenchi mawili, jiko la mkaa, birika, kashata, na watu wanaobishana kuhusu Simba na Yanga kana kwamba wana hisa humo. Fundi cherehani mmoja tunayekaa naye pale alikuja na karatasi mfukoni. Alikuwa anataka kukopa shilingi 1,200,000 anunue cherehani ya umeme. Masharti ya mkopo: mwaka mmoja, riba asilimia 20, anarudisha shilingi 120,000 kila mwezi. Akanigeukia mimi.

"Mwandishi, wewe umesoma. Mwezi wa kwanza nikirudisha, ile laki moja yao si imeshafika kwao? Sasa mbona mpaka mwezi wa kumi na mbili naendelea kuilipia riba?"

Nikajibu haraka haraka, kwa sauti ya msomi: "Fundi, riba ni asilimia ishirini. Ndivyo walivyopanga."

Mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye kwa kawaida huwa haongei mpaka amalize kikombe cha pili, akanitazama na kusema, "Kijana, hilo si jibu. Hilo ni tangazo."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini iliniuma. Kwa sababu ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nina shahada, nimewahi kuandika habari za mikopo na riba, lakini swali la fundi lilikuwa halijawahi kunijia kichwani hata siku moja. Yeye aliyeishia darasa la saba ndiye aliyeuliza.

Basi mzee akaomba kalamu. Tukageuza karatasi ya fundi upande wa pili tukaanza. Mkopo ni 1,200,000. Riba ya asilimia 20 ni 240,000. Jumla 1,440,000, gawanya kwa miezi 12, unapata hizo 120,000. Mpaka hapo hakuna aliyedanganya mtu. Lakini ndani ya kila 120,000, laki moja ni ya kurudisha mkopo na elfu ishirini ni riba. Kwa hiyo mwezi wa kwanza fundi anakaa na 1,200,000 ya watu. Mwezi wa pili anakaa na 1,100,000. Mwezi wa tatu, milioni moja. Anashuka hivyo mpaka mwezi wa kumi na mbili, ambapo mkononi ana laki moja tu. Ukijumlisha zote na kugawa kwa 12, wastani wa fedha anazokaa nazo mwaka mzima ni 650,000. Si 1,200,000!

Sasa anayelipa 240,000 kwa kutumia wastani wa 650,000 analipa riba ya asilimia ngapi? Karibu 37. Hesabu yetu ilikuwa ya kijiweni, na ukitumia njia wanayotumia watu wa mabenki utapata karibu 35. Lakini ukienda kushoto au kulia, 20 huioni tena. Ile 20 iliyoandikwa kwenye karatasi ni ya mkopo ambao ungekaa nao wote mwaka mzima na kuurudisha siku ya mwisho. Fundi hakupewa mkopo wa namna hiyo.

Fundi akakunja karatasi taratibu. Hakusema amekubali wala amekataa mkopo. Alisema tu, "Kumbe sikuwa mjinga."

Ndugu zangu, hilo neno ndilo limenikaa kooni. Huyu mtu alikuwa na swali zuri kuliko yangu yote ya mwaka huu, na alikuwa nalo siku kadhaa, lakini hakuliuliza kule alikotakiwa kuliuliza, kwenye meza ya yule aliyempa karatasi. Kwa nini? Kwa sababu alidhani asiyeelewa ni yeye. Alikuwa tayari kulipa pesa zake ili asionekane hajui hesabu.

Aibu hii tumeitoa wapi? Mimi ya kwangu najua nilikoitoa. Nilikuwa sekondari, mwalimu ameandika ubaoni kwamba hasi mara hasi ni chanya. Nikanyoosha mkono: kwa nini? Akasema, "Kwa sababu ndiyo kanuni. Kaa chini." Darasa zima likacheka. Nikakaa chini, na kwa upande wa hesabu naweza kusema sijasimama tena mpaka nilipokuwa mtu mzima. Simlaumu sana yule mwalimu. Alikuwa na darasa lililofurika, silabasi ya kumaliza, na yawezekana naye alipouliza aliambiwa akae chini. Lakini kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa na tukasikia tena kwamba Hisabati imeshika mkia, huwa najiuliza ni mikono mingapi ilishushwa kabla ya ule mtihani.

Jibu la swali langu nilikuja kulipata miaka mingi baadaye, pale pale kijiweni. Siku hiyo kulikuwa na ubishi huo huo wa hasi mara hasi, maana kuna kijana alikuwa anamsaidia mdogo wake kazi ya shule. Mama anayetuuzia chapati akauliza, "Hasi ndiyo nini?" Tukamwambia ni kama deni. Akafikiri kidogo akasema, "Sasa mtu akinidai elfu mbili, na mwingine elfu mbili, na mwingine elfu mbili, halafu wewe ukaja ukanifutia madeni yote matatu, si umenipa elfu sita?"

Naam! Kuondoa ni hasi, deni ni hasi. Kuondoa madeni matatu ya elfu mbili mbili ni kupata elfu sita. Mama alirudi kugeuza chapati zake, wala hakujua kwamba amenijibu swali lililokuwa limelala kichwani mwangu tangu nikiwa na sare za shule. Wataalamu wana njia yao ya kulithibitisha jambo hili, nzito zaidi na isiyotegemea madeni. Lakini mtu akishaona madeni matatu yanafutwa, hiyo njia nzito haimtishi tena.

Wapo watakaoniambia: sawa bwana, lakini hayo ni maswali ya mtaani, hisabati yenyewe ina wenyewe. Mimi nasema hapana, na nina mifano.

Wa kwanza ni wa nyumbani na wengi mnaujua, ingawa ni wa fizikia. Mwaka 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aisikrimu na wenzake. Alihofia kukosa nafasi kwenye friji, akaingiza maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza kwa nini, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akamfanyia mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Siku Profesa Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipowatembelea, Mpemba akanyanyuka na swali lile lile mbele ya kila mtu. Wenzake wakacheka. Osborne naye alikuwa na mashaka, lakini aliporudi chuoni alilijaribu swali maabara badala ya kumcheka mwenye swali. Mwaka 1969 waliandika makala pamoja kwenye jarida la kisayansi, na mpaka leo wanasayansi wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli, lini, na kwa nini. Angalieni: kijana hakuhitaji kuwa sahihi kwa kila kitu. Alihitaji mtu mmoja asiyecheka.

Mfano wa pili ni wa hisabati tupu, na huu naupenda zaidi. Fikiria fundi marumaru anayetaka kutandika sakafu kwa umbo moja tu, bila kuacha nafasi na bila kupandisha moja juu ya jingine. Mraba unafaa. Pembetatu yoyote inafaa. Umbo lolote la pembe nne linafaa. Pembe sita, kama za nyuki, zinafaa. Pembe tano je? Pembe tano zenye pande na kona zote sawa hazifai, zinaacha mwanya. Lakini kuna pembe tano zilizopindapinda zinazofaa, na swali ni: ziko aina ngapi?

Mwaka 1968 mwanahisabati mmoja wa Marekani alitangaza kwamba aina ni nane na orodha imekamilika. Mwaka 1975 Martin Gardner, aliyekuwa akiandika safu ya hisabati za kujifurahisha kwenye jarida la Scientific American, akaeleza habari hiyo kwa wasomaji wa kawaida. Msomaji mmoja akapata aina ya tisa. Kumbe orodha haikukamilika! Kule San Diego, California, mama mmoja wa watoto watano, Marjorie Rice, akaisoma habari hiyo katika jarida lililokuwa likija kwa jina la mwanawe. Elimu yake ya hisabati iliishia sekondari. Akaanza kuchora kwenye kaunta ya jikoni. Alama za wataalamu hakuzijua, kwa hiyo akabuni za kwake. Na watu wa nyumbani walipoingia, alifunika michoro yake.

Hebu rudia hiyo sentensi ya mwisho. Alifunika michoro yake! Mtu anafanya jambo ambalo maprofesa wamelikosea, na anaficha kama anayekula kashata mchana wa Ramadhani. Aibu hii basi si ya Magomeni peke yake.

Kufikia mwaka 1977, Rice alikuwa amegundua aina nne mpya. Alimwandikia Gardner, Gardner akapeleka kwa mwanahisabati Doris Schattschneider, naye akakaa nazo mpaka akazielewa zile alama za jikoni na kuthibitisha kwamba mama yuko sawa. Moja ya michoro ya Rice ilikuja kutandikwa sakafuni kwenye makao makuu ya chama cha wanahisabati cha Marekani, mjini Washington. Leo tunajua aina zote ni 15, na uthibitisho kwamba hakuna nyingine ulitolewa na Mfaransa Michaël Rao mwaka 2017, mwaka ule ule ambao Rice alifariki.

Na kama mnadhani mambo hayo yalikuwa ya zamani, mwaka 2022 Mwingereza mmoja aitwaye David Smith, mstaafu aliyekuwa fundi katika kazi za uchapaji, alikuwa akichezea maumbo nyumbani kwake Bridlington. Akapata umbo moja la pande 13, linalofanana na kofia. Akakata vipande vingi vya karatasi ngumu akavipanga, akaona jambo la ajabu: vinajaza sakafu, lakini mpangilio haujirudii. Wanahisabati walikuwa wametafuta umbo moja la namna hiyo kwa miongo kadhaa. Akamwandikia Craig Kaplan wa chuo kikuu cha Waterloo, Kanada. Wakaongezeka wengine wawili, na mwaka 2023 wakatangaza uthibitisho, jina la Smith likiwa la kwanza.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi kila anayeuliza ni mgunduzi, wala sisemi wataalamu hawana kazi. Uthibitisho wa kofia ya Smith ulihitaji wataalamu. Na upo upande mwingine wa watu wasio wataalamu ambao ni balaa. Kwa karne nyingi watu wamejaribu kuchora, kwa rula na bikari tu, mraba wenye eneo sawa na duara. Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris ilichoka, ikatangaza haitapokea tena majibu ya swali hilo. Mwaka 1882 Mjerumani Lindemann akathibitisha kwamba haiwezekani kabisa. Lakini mpaka leo wapo wanaodai wameweza, na ukiwaonyesha kosa wanakwambia wataalamu wana wivu. Tofauti ya hawa na kina Rice si elimu. Rice alileta kazi yake ikaguliwe. Hawa wanaleta yao isifiwe.

Pale kijiweni tunajitahidi kuwa upande wa Rice, ingawa si kila siku tunaweza. Kuna wiki nzima ilikwisha kwa ubishi mmoja: je, 0.999... yenye tisa zisizokwisha ni sawa na 1, au inapungua kidogo? Konda mmoja aliapa kwamba inapungua, "hata kama ni kidogo namna gani, chenji ni chenji." Mzee wa reli akamuuliza: moja gawanya kwa tatu ni ngapi? Konda akasema 0.333... Zidisha kwa tatu. 0.999... Na theluthi tatu ni ngapi? Konda akanyamaza, akanywa kahawa, akasema, "Haya, inapungua kiasi gani basi? Nikishindwa kuitaja hiyo chenji, haipo." Mimi nadhani hilo ndilo jibu bora nimewahi kulisikia. Alilipata mwenyewe, na halikuwa la kushinda ubishi. Alikuwa anajisahihisha mwenyewe mbele za watu.

Utaniuliza, konda anafaidika nini na tisa zisizokwisha? Nauli haipandi wala haishuki. Faida ni kwamba mtu aliyezoea kuuliza "kiasi gani?" kuhusu tisa, ataiuliza pia mahali penye pesa. Wiki iliyofuata ni huyo huyo konda aliyetoa mkeka wake wa mechi kumi na kuuliza kitu ambacho vijana wengi hawaulizi. Tuseme kila mechi nina nafasi ya asilimia 60 kupatia. Zote kumi je? Wengi pale walisema si bado ni 60? Tukazidisha: 0.6 mara 0.6, mara kumi. Jibu linakuja karibu 0.006. Yaani ukiandika mikeka 165 ya namna hiyo, tegemea mmoja kutiki. Mechi moja moja anaonekana mjanja, zikiungana amekwisha. Hatujamwokoa, bado anabeti, ila sasa anaweka mia tano badala ya elfu tano.

Nami nina la kuungama. Miaka michache nyuma niliandika habari kwamba kiwango fulani kimepanda kutoka asilimia 10 hadi 15, nikaandika kwamba ni "ongezeko la asilimia 5". Mhariri akapitisha, gazeti likatoka. Ni yule mzee wa reli aliyenikunjia gazeti mbele ya pua. Kutoka 10 kwenda 15 ni kuongeza nusu ya kilichokuwepo. Pointi ni tano, lakini ongezeko ni asilimia 50. Nilikuwa nimelipunguza tatizo mara kumi, kwa sababu wakati naandika nilikuwa na shaka kidogo na niliona aibu kumuuliza aliyekaa meza ya pili. Fundi angelipa aibu yake kwa cherehani. Mimi yangu ililipwa na wasomaji.

Kwa hiyo rai yangu ni ndogo tu. Mtu akikuuliza kitu cha hesabu, mdogo wako, mama yako, konda, usimwambie "ni rahisi sana" na usimwambie "ndiyo kanuni". Tafuta kalamu. Kama hujui, sema hujui na mkae wote wawili. Na wewe mwenye swali lililolala tangu shule, kwa nini huwezi kugawa kwa sifuri, kwa nini bei ikipanda asilimia 20 halafu ikashuka asilimia 20 hairudi ilipokuwa, liamshe. Lile la bei nakuachia ufanye mwenyewe, anza na shilingi 1,000.

Fundi nilimwona jana. Ameirudisha ile karatasi kwa wenye nayo, akiwa na hesabu zetu upande wa pili, na ameomba wamweleze. Wamemwambia arudi Alhamisi. Amesema atarudi.